Viraka vya Joho la Mfalme

Maneno mia moja. Ndiyo waliyoniomba wakubwa wa jumba la maonyesho, na waliomba kwa upole kabisa, barua pepe yenye "mpendwa Mwanaidi" juu na "kwa upendo" chini. Papa Ilunga amefariki, wanataka ukurasa wa kumkumbuka kwenye kijitabu cha maonyesho ya msimu huu, na mimi niliyefanya naye kazi niandike maneno mia moja. Nikaandika mia moja na saba. Wakanirudishia sitini na mbili. Walichokata ni pale niliposema kwamba mwaka 2017 alinyimwa cheo kilichokuwa haki yake, na kwamba waliomnyima walijua wanachofanya. Mahali pake wakaweka neno lao wenyewe, kwamba alikuwa "mwanafamilia". Mwanafamilia! Mtu aliyekula chakula chake kwenye ngazi za dharura miaka kumi na moja kwa sababu eti samaki wake ananuka. Haya, kijitabu wabaki nacho. Mimi naandika hapa, kwa Kiswahili, lugha ile ile tuliyokuwa tunawasengenya nayo mbele ya macho yao, na sitahesabu maneno.

Mazishini, mtaa wa Yeoville, alikuja Madam Lynette, aliyekuwa meneja wa idara yetu ya mavazi, amevaa miwani myeusi na kuleta shada la maua lililobebwa na watu wawili. Kanisa la Wakongomani lilijaa mpaka watu wakasimama nje, akina mama wanalia kwa sauti. Akaomba kipaza sauti, akasimulia kichekesho cha nguo za ombaomba, na watu wakacheka katikati ya machozi. Alikisimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa mwisho. Mimi nilikuwa benchi la tatu na mkoba mapajani, nimebana meno mpaka taya likaniuma siku mbili.

Mwaka huo wa 2017 nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilivyofika Johannesburg kutoka Tanga ni habari ndefu na haina faida hapa. Nilijua kushona, nikaambiwa kuna jumba la maonyesho mjini linatafuta washonaji, nikaenda. Jumba lina jina lake rasmi limechongwa juu ya mlango, lakini sisi Waswahili tulikuwa tunaliita Kwa Malaika, kwa ajili ya malaika wanne wa plasta waliokaa juu ya mlango huo, mmoja wao hana pua. Ni jumba la enzi za dhahabu: viti vyekundu, balkoni tatu, ngazi za marumaru. Wageni matajiri kutoka Sandton wakipanda ngazi hizo hushusha sauti wenyewe bila kuambiwa. Mwezi huu baleti, mwezi ujao tamthilia, ukifika Agosti opera ile kubwa ya mwaka. Sisi hatukuingilia huko. Mlango wetu ulikuwa nyuma: unapita mapipa ya taka, unasaini kwa mlinzi, unashuka vipandio kumi na tisa, na hapo ndipo kilipo chumba cha kushonea. Dirisha moja jembamba karibu na dari, ukiinua macho unaona viatu vya watu wanaoelekea Newtown. Cherehani saba, pasi mbili za mvuke, katikati meza ya kukatia, na ukutani juu ya mlango spika ndogo ya rangi ya maziwa. Spika hiyo ilileta kila sauti ya jukwaani ili tujue onyesho limefika wapi, na haikuwa na swichi ya kuizima. Kwa hiyo opera zote tulizijua kwa masikio, na tulisikia pia mambo mengi ambayo wenyewe hawakujua kwamba tunayasikia.

Meza ya kukatia ilikuwa ya Papa Ilunga. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mfupi, mpana wa mabega, miwani imeteremka puani, na chaki nyuma ya sikio. Hakushona kamwe, sindano aliishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeondoa mdudu kwenye chai. Yeye alikata. Mwimbaji akiletwa kupimwa, kwanza alimwambia ageuke ampe mgongo, anyamaze, apumue tu, naye anamtazama dakika nzima. Ndipo anachukua chaki. Nimeona majoho ya wafalme na magauni ya malkia yakitoka kwenye meza ile bila kurudi kurekebishwa hata mara moja. Na alikuwa na sheria moja aliyonipa siku ya kwanza, Januari, nilipokuwa bado nasema shikamoo kwa kila mtu mpaka walinzi wakawa wananicheka. "Nguo ya kupasuka haipande ku kamba," akasema. Maana yake, vazi lililochanika halitundikwi. Linashonwa kwanza, ndipo lirudi kwenye kamba. Ukiipuuza, anakuja kulitungua vazi na kulitupa mapajani pako mbele ya wote. Lilinitokea mara moja, vazi la baleti lenye kitundu kisichozidi punje ya mchele. Halikunitokea tena.

Nieleze sasa kilichokuwa kinagombaniwa, maana bila hicho hasira yangu itaonekana ya mwanamke mwenye gubu. Mkuu wa wakataji, mzee mmoja Mreno aliyekuja kazini siku mbili kwa juma, alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Cheo chake kilikuwa na mkataba wa kudumu. Papa Ilunga alikuwa amefanya kazi Kwa Malaika miaka kumi na moja kwa mikataba ya onyesho moja moja: onyesho likiisha nawe umekwisha, unakaa nyumbani unasubiri simu. Kwa mkataba wa kudumu angepata barua ya mwajiri. Kwa barua hiyo angeomba kibali cha kazi cha kweli na kuachana na ile karatasi ya ukimbizi aliyoipangia foleni tangu alfajiri kila ilipokaribia kuisha. Na kwa kibali angemleta mkewe, Mama Béa, ambaye walikuwa hawajaonana tangu aondoke Lubumbashi. Aliyasema haya waziwazi, hakuyaficha. "Mwaka ujao Mama Béa atawapikia," alikuwa anasema kila Ijumaa akifungua chombo chake cha bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu cha kwao, "njo mutajua mimi ninateseka namna gani na mapishi yangu." Mama Béa alikuja Johannesburg, ndiyo. Alikuja kumzika. Nilimpokea uwanja wa ndege mimi, na njia nzima aliniuliza kama chumba alichokuwa anaishi kilikuwa na dirisha.

Tulikula kwenye ngazi za dharura, nje, upande wa jua. Jiko la wafanyakazi lilikuwepo, lenye friji na maikrowevu, na juu ya maikrowevu karatasi: SAMAKI HAPANA. Samaki alikuwa mmoja tu jengo zima, thomson, yaani kibua, wa Papa Ilunga, kwa hiyo wangeandika jina lake tu tujue moja. Basi tulihamia ngazini sote, mimi, Papa, na Sis Thandeka, mshonaji kutoka Soweto, aliyekuwa hapo miaka tisa na kujua siri za kila mtu. Sis Thandeka alikuwa anakula bukari letu na kulisifu kwa Kizulu, na Kiswahili alichokijua kilikuwa "haya basi" na "mshenzi", akavitumia vyote viwili ipasavyo. Hapo ndipo tulipokuwa tunakipanga cheo cha Papa. Sis Thandeka alisema opera ya Agosti ikienda vizuri, hakuna wa kumzuia. "Nani mwingine?" alikuwa anasema. "Eish, nani mwingine anajua kukata humu ndani?" Tukala tukiamini hivyo, miezi saba.

Opera ya mwaka ule ilikuwa na mfalme na ombaomba thelathini na wawili wanaokaa langoni kwake. Mbunifu wa mavazi, bwana mmoja Adrian, aliletwa kutoka Cape Town, naye akaja na binti mtaalamu wa kuchakaza nguo mpya zionekane kuukuu. Mimi wakati ule sikujua hata kwamba kazi hiyo ipo duniani. Sikumwona hata akiifanya, kwa sababu alifungiwa chumba chake ghorofa ya juu, wiki tatu, na sisi chini tulikuwa tumezama kwenye joho la mfalme: mahameli ya zambarau, uzi wa dhahabu, mkia wa mita nne. Ijumaa binti akamaliza, akazishusha nguo zake, akazitundika kwenye kamba iliyo karibu na mashine za kufulia kwa kuwa zilikuwa bado mbichi, akapanda ndege kwao. Hakuacha karatasi, hakumwambia mtu. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kufua. Nikaingia asubuhi peke yangu, nikaziona.

Jamani! Mashati yamepasuliwa mgongo mzima. Suruali zinaning'inia nyuzi. Sketi zimekwanguliwa, zina madoa ya chai na rangi, nyingine zinanuka siki. Thelathini na mbili, kila moja ina jina la mwimbaji ndani ya kola, na mazoezi ya mwisho ni Jumatano! Nikadhani ni mavazi ya zamani yametolewa stoo, panya wameyala, na kwamba mtu amefanya uzembe na Papa Ilunga ndiye atakayeulizwa. Wala sikufikiri mara mbili. Mimi ni fundi, nimelelewa kwenye cherehani, na kwetu fundi akiruhusu nguo itoke na mshono wazi ni yeye anayeaibika, si mvaaji. Nikafua zote. Nikashona Jumamosi mpaka magharibi na Jumapili kutwa, nikaweka viraka, na kwa kuwa mfuko wa masalio ulikuwa na kitambaa cha joho tu, nikaweka viraka vya mahameli ya mfalme, vidogo vidogo, mshono wa mkono usioonekana. Nikapiga pasi. Kola nikazitia wanga. Jumapili jioni nilizitazama pale kambani, safi, zimenyooka, nikajisifu kwa sauti. Nilikwenda nyumbani nikiimba, wallahi.

Jumatatu saa tatu Adrian akashuka na Madam Lynette kuja kukagua. Alizitazama. Akazigusa moja moja, kola ile ya wanga, akaigonga kwa kucha ikalia. Kisha akakaa sakafuni. Mtu mzima, suruali nyeupe, akakaa sakafuni akashika kichwa, akaanza kusema kwa sauti ndogo: wiki tatu, wiki tatu, wiki tatu. Madam Lynette akauliza, "Ni nani?" Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilifungua kinywa. Nasema kweli, nilikifungua. Lakini kabla sijatoa neno Papa Ilunga akaweka mkasi mezani akasema kwa Kiingereza chake kizito kwamba ni yeye. Yeye ndiye aliyeniambia nizishone, ni sheria yake, kila mtu humu anaijua. Madam Lynette alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama viraka. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Walipotoka nikamvaa. "Papa, kwa nini?" Akasema mimi niko kwenye majaribio, nimebakiza miezi, wakinifukuza leo nitalala wapi. "Mimi minafanya hapa miaka kumi na moja," akasema. "Batanifanya nini?" Aliamini hivyo. Hilo ndilo kosa lake la pekee mwaka ule: alidhani miaka ina uzito. Mimi nami niliamini kwa sababu ilinifaa kuamini, nikamwacha abebe kosa langu.

Tulikuwa na siku mbili. Binti wa Cape Town hakupatikana. Adrian alitaka zipasuliwe upya kwa nguvu, akachukua mkasi mwenyewe, na Papa Ilunga akamshika mkono. Sikuwahi kumwona akimgusa bosi. Akamwambia ngoja. Kisha akatugeukia sisi akaanza kufoka kwa Kiswahili, Sis Thandeka akitikisa kichwa kana kwamba anaelewa kila neno. "Nani aliwaambia masikini anatembeaka na nguo ya kupasuka? Mimi nilikuwa masikini, ninajua! Masikini anashonaka. Tajiri njo anatupaka. Nguo ya masikini inajaa viraka, viraka juu ya viraka, sababu haiko na ingine!" Akasema kazi ya binti yule ilikuwa ya mtu aliyeona umaskini kupitia kioo cha gari kwenye robot, taa za barabarani. Viraka vibaki. Kitakachorudi ni uchafu na uchakavu, lakini wa kweli. Akawaita waimbaji wa kwaya mmoja mmoja, akawauliza: wewe ombaomba wako alikuwa nani kabla hajaomba? Huyu alikuwa mchukuzi. Basi bega hili ndilo lililokwisha. Huyu anabeba mtoto mgongoni. Kitambaa kimelika kiunoni panapofungwa kitenge. Huyu anapiga magoti langoni, magoti. Sis Thandeka akaleta mfuko wa udongo wa njano kutoka kwenye kilima cha taka za mgodi karibu na kwao, tukausugua kwenye mapindo, tukapaka mafuta ya kupikia kwenye kola, tukakwangua kwa mawe. Vidole vyetu vilichubuka. Wale waimbaji wakawa wanakaa nasi, mmoja akalia akituhadithia koti la baba yake. Katika mwaka ule mzima, siku mbili hizo ndizo nilizofurahi bila kujizuia, na hilo nalo linaniudhi.

Jumatano, mazoezi ya mwisho. Tulikuwa chini, spika inaimba juu ya mlango. Muziki ukaisha, kisha tukasikia viatu vya Adrian jukwaani na sauti yake wazi kabisa, kipaza sauti hakijazimwa. Alikuwa anamwambia Madam Lynette kwamba viraka ndivyo vinavyoibeba opera nzima. Kwamba taa ikiwapiga ombaomba, kila mmoja anang'aa kipande kidogo cha joho la mfalme, na mtu aliye balkoni ya juu anaelewa kila kitu kabla haijaimbwa noti moja. "Tutasema ndilo lililokuwa wazo langu tangu mwanzo," akasema, akacheka. Madam Lynette naye akacheka. Sis Thandeka akainua ngumi juu, "Haya basi!" Sote tukashangilia, tukamkumbatia Papa Ilunga, mtu mzima akawa anajifuta miwani. Wajinga sisi. Tulisikia wizi kwa masikio yetu wenyewe, mchana kweupe, tukaupigia makofi, kwa sababu tulidhani kazi nzuri inaacha alama yake kwa mwenyewe.

Opera ilijaza ukumbi kila usiku. Magazeti yaliandika juu ya viraka kuliko juu ya sauti. Adrian alipigwa picha ameshika shati la mchukuzi, lile lenye mshono wangu kwenye bega na chaki ya Papa bado inaonekana ndani ya pindo ukijua pa kutazama. Ukurasa huo wa gazeti ulibandikwa jikoni, juu ya maikrowevu, kando ya samaki hapana. Kwenye kijitabu cha onyesho walitaja aliyekodisha mishumaa ya bandia. Sisi tulikuwa "wafanyakazi wa idara ya mavazi". Hata hilo tulilimeza. Cheo kinakuja, tukasema.

Oktoba Papa Ilunga akaitwa kwenye usaili. Alivaa suti aliyoikata mwenyewe, ya kijivu, na Sis Thandeka akampiga picha chini ya malaika asiye na pua. Alikaa huko dakika kumi na mbili. Akarudi akasema wamemuuliza kama anaweza kukaa meza moja na wafadhili na kuzungumza nao kuhusu mavazi, naye akajibu kwamba anaweza kuwakatia wafadhili mavazi. Alidhani jibu hilo ni zuri. Hata mimi nadhani ni zuri.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. Aliisoma amesimama, akaikunja, akanipa. Cheo kimepewa mtu mwingine, kijana wa Randburg mwenye duka la magauni ya harusi. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake mrefu, kisha ikasema kwamba kutokana na tukio la mwezi wa Agosti, ambapo mavazi thelathini na mawili yaliharibiwa chini ya usimamizi wake, jopo halikuridhika na uwezo wake wa kuongoza. Yaliharibiwa! Shati limeuza tiketi mwezi mzima, halafu limeharibiwa. Nikasoma mara ya pili, nikaona jina langu halimo popote, na kutokuwemo kwake kulinichoma kuliko kama lingekuwemo. Nikamwambia Papa naenda juu. Akasema, "Acha." Sikuacha. Nilipanda vile vipandio kumi na tisa, na vingine ambavyo sijawahi kuvipanda, na zulia likaanza, na nikabisha mlango wa Madam Lynette.

Alinikaribisha kiti. Akanipa chai ya rooibos, hakuuliza kama nainywa. Nikasema yote bila kupumua: ni mimi, nilikuwa peke yangu, Papa Ilunga hakuwepo, hakuniambia kitu, alinikinga tu, andika barua nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande mmoja. Kisha akasema, kwa upole ule ule ninaouona leo kwenye barua pepe zao, "Najua, Mwanaidi. Nilijua tangu Jumatatu ile. Daftari la mlinzi linaonyesha uliingia peke yako wikendi ile; Ilunga hakuziona nguo zile mpaka Jumatatu."

Nilidhani sijasikia sawasawa. Nikamuuliza, kama ulijua, mbona umeandika vile? Akasema yeye hakumlazimisha, mwenyewe ndiye aliyekubali kosa mbele ya watu, na jopo lilihitaji sababu ya kuandikwa. Lilikuwa limeshamtaka yule wa Randburg tangu Juni. Juni! Kabla ya viraka, kabla ya udongo wa mgodi, kabla sijagusa hata shati moja. Sisi tulikuwa ngazini tunampangia Mama Béa mapishi, na kikao kilikuwa kimekwisha. Nikamwambia, sasa Papa ataondoka, mtabaki na nani wa kukata? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ilunga? Ataenda wapi?" akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema kesho ni Alhamisi, na laiti angesema kwa ubaya ningejua la kufanya na mikono yangu.

Akafungua droo akatoa karatasi. Alikuwa amekusudia kuniita Ijumaa, akasema, lakini kwa kuwa nimekuja. Mkataba wa kudumu, mshonaji, kuanzia Januari, na barua ya mwajiri imeambatanishwa. Kibali changu kilikuwa kinaisha Desemba. Alinisogezea kalamu. Nimejitungia majibu mengi tangu siku hiyo, ya jikoni, ya kwenye treni, majibu makali ambayo yangempasua moyo yule mwanamke. Siku yenyewe chai ilikuwa inapoa, kalamu ilikuwa mezani, na nilifikiri juu ya kodi ya chumba na foleni ya alfajiri. Nikasaini. Kurasa tatu, kila ukurasa mahali pawili.

Nilishuka chini saa tisa na nusu. Sis Thandeka alikuwa ameshaondoka. Papa Ilunga alikuwa mezani kwake, ametandaza kipande cha khaki cha kufanyia mazoezi. "Balikupa karatasi?" akauliza. Sijui alijuaje, labda alijua tu wanavyofanya. Nikasema walinipa. "Ulisaini?" Nikasema nilisaini. Nikasimama pale nikingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nilitaka anipige na ule ubao wa kupimia, kitu chochote cha kuniondolea deni. Akasema, "Bon," yaani sawa. Akatoa chaki nyuma ya sikio.

"Yule bwana wa Randburg hajue kukata mukono ya koti," akasema. "Niliona kazi yake. Banasema nimufundishe. Sitamufundisha. Ukuje hapa."

Nikamwambia mimi ni mshonaji, sijui kukata. Akasema ndiyo maana. Nikapandisha sauti, nikamwambia kwanza anigombeze, aseme neno, mimi ndiye niliyemponza, sasa mkewe atakujaje, na nimesaini juu ya mgongo wake, ni mtu gani huyu asiyekasirika! Nililia kwa hasira, makamasi yananitoka. Alingoja nimalize. Aliponiinulia macho juu ya miwani niliyaona, na sikuwahi kuona macho yenye hasira kama yale kwa mtu yeyote, na hasira hizo hazikuwa juu yangu.

"Shika mukasi," akasema.

Nikashika. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mpini umechukua umbo la kidole chake, si changu. Akanionyesha mstari. Nikakata kombo kuanzia inchi ya kwanza, na nikaendelea kukata kombo mpaka mwisho kwa kuwa sikuona vizuri. Papa Ilunga akakichukua kile kipande, akakitazama, akakitupa sakafuni. Akatandaza kingine.

"Rudia," akasema.